Ororo, Koitalel na Mashujaa Walioungwa

Katikati ya miaka ya 1970, kampuni ya Marvel ya New York ilihitaji mtu wa kutawala mvua, ikaamua atoke Kenya. Chanzo cha uamuzi huo kilikuwa biashara. Al Landau, rais wa kampuni wakati huo, aliona kwamba vitabu vya katuni vingeuzika zaidi ng'ambo iwapo kikosi cha mashujaa kingekuwa na watu wa mataifa mbalimbali. Kazi hatimaye ikawaangukia mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Kitabu chao, Giant-Size X-Men namba 1, kilitoka mwaka wa 1975. Ndani yake mlikuwa na Mjerumani, Mrusi, Mkanada, Mjapani, Mwairishi na Mwapache, pamoja na mwanamke wa Kiafrika mwenye nywele nyeupe aliyeabudiwa na wanakijiji kwa sababu alipoinua mikono mvua ilinyesha. Jina lake Ororo. Jina lake la vita Storm.

Habari ya jinsi alivyoundwa inafaa isimuliwe polepole. Cockrum alikuwa na daftari la mashujaa aliowachora bila kuwapatia kazi, wengine tangu alipokuwa akiwachorea washindani, kampuni ya DC. Mmoja wao alikuwa mwanamke mwenye tabia za paka, aliyemwita Black Cat. Mwingine, Typhoon, alikuwa na nguvu juu ya hali ya hewa. Wakati kikosi kipya kinapangwa, wanawake wenye sura ya paka walikuwa wameshajaa kwenye vitabu vya katuni, kwa hiyo huyu wa Cockrum akakosa nafasi. Badala ya kumtupa, wakamvua upaka wake, wakambakiza mwili na uso, kisha wakamvika nguvu za Typhoon. Nywele nyeupe zilileta ubishi, maana wenzake Cockrum waliogopa kwamba msichana huyo angeonekana nyanya. Mchoraji akashikilia. Basi tangu siku ya kwanza Ororo alikuwa watu wawili walioungwa, na Kenya iliongezwa baadaye ili pasipoti ya kikosi ikamilike.

Chris Claremont, aliyechukua kalamu mwaka huohuo na kuishika kwa takriban miaka 16, ndiye aliyempa historia. Mama yake, N'Daré, alikuwa binti wa kifalme kutoka Kenya. Baba yake, David Munroe, alikuwa mpiga picha wa magazeti, Mmarekani mweusi. Wazazi walikufa Cairo nyumba yao ilipoangukiwa na ndege wakati wa vita vya Suez, na mtoto akaachwa chini ya kifusi. Aliishi kwa wizi katika mitaa ya Cairo, kisha akatembea kwa miguu kuelekea kusini hadi nchi ya mama yake. Ni hadithi yenye moyo, na Claremont aliiandika kwa heshima. Ila hakuna popote panapoelezwa kwa uzito binti huyo ni wa kabila gani, wa ukoo gani, au wazee wa kwao huomba mvua kwa lugha ipi. Jina la mama yake lina alama juu ya herufi ya mwisho ambayo sijaiona kwenye jina la mtu yeyote wa huku kwetu.

Nayasema haya nikiikumbuka Chepsaita, magharibi ya Eldoret, katika kaunti ndogo ya Turbo. Wengi nchini wameanza kuisikia kwa ajili ya mbio zake za nyika, zinazowakusanya wanariadha wa Bonde la Ufa. Kabla ya mbio, hata hivyo, hii ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, na mtu akikuambia kuna mwanamke wa Kenya anayeita mvua, swali la kwanza utakalosikia shambani ni la haki kabisa: ataileta mwezi wa tatu au wa nne? Uwanda huu wa Uasin Gishu una hadithi yake kuhusu mtu aliyeombwa mvua. Naye aliungwa kutoka pande mbili, zaidi ya miaka 100 kabla Cockrum hajafungua daftari lake.

Uasin Gishu ya mwanzo wa karne ya 19 haikuwa ya hawa wanaolima leo. Walioacha alama ya kale zaidi inayoonekana kwa macho ni Wasirikwa, ambao mashimo yao ya mazizi bado yako kwenye miteremko mingi ya nyanda hizi. Baada yao walikuja Wamaasai wa Uasin Gishu, wenye ng'ombe wengi na vita vingi. Kisha, katikati ya karne hiyo, Wamaasai wakageukiana. Sehemu moja ya Wamaasai ikaipiga nyingine, na Wanandi waliokuwa kwenye misitu na vilima vya kusini wakapata nafasi ya kulipiza miaka ya kuibiwa mifugo. Wamaasai wa Uasin Gishu walitawanyika, na uwanda ukabaki karibu mtupu. Wazungu waliofika mwishoni mwa karne waliuona utupu huo wakadhani nchi haina mwenyewe. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa tayari kuwapa Wayahudi wa Ulaya uwanda huu. Wayahudi walipoukataa, Makaburu wa van Rensburg walifika mwaka wa 1908 kutoka Afrika Kusini na magari yao ya maksai.

Katika kutawanyika huko, familia za Wamaasai zilikimbilia kwa Wanandi, na miongoni mwao walikuwemo watu wa nyumba ya iloibonok, yaani waganga na watabiri wakuu wa Kimaasai. Wanandi waliwapokea. Wakawa ukoo wa Talai, na mnyama wao ni simba. A. C. Hollis, aliyeandika kitabu juu ya Wanandi mwaka wa 1909, aliandika asili hiyo ya Kimaasai ya waganga wakuu wa Wanandi. Baada yake G. W. B. Huntingford aliieleza kwa kirefu zaidi. Kutoka Talai akainuka orkoiyot, mtabiri mkuu wa Wanandi.

Hapa ndipo napenda msomaji asimame. Wanandi hawakuwa watu wasio na utaratibu, wakimngoja mgeni awatawale. Walikuwa na kokwet, baraza la wazee wa mtaa lililoamua mashauri ya ardhi, mifugo na ugomvi. Juu ya kokwet kulikuwa na pororiet, mgawanyo wa nchi uliokuwa pia jeshi. Walikuwa na marika yaliyopokezana uongozi. Kilichokosekana ni sauti moja iliyosikika katika pororiet zote kwa pamoja. Jeshi la upande mmoja lingeweza kwenda vitani bila upande wa pili kujua, na hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kumzuia. Wamaasai kwa upande wao walikuwa na oloiboni mwenye maono, mbaraka na laana, ambaye mashujaa walimwendea kabla ya kutoka. Wanandi walichukua maono ya Wamaasai wakayaweka juu ya mabaraza ya Wanandi, wakapata mtu ambaye hakuwahi kuwepo upande wowote.

Walimwunga kwa uangalifu. Orkoiyot hakuwa mfalme, wala hakuketi kokwet kuhukumu kesi ya ng'ombe. Katika kila pororiet alikuwa na wawakilishi wake, maotik, walioketi pamoja na wazee na kumpelekea habari. Vita vikubwa vilihitaji idhini yake, na mafanikio yakipatikana alipewa sehemu ya mifugo. Wakati wa ukame wazee walimwendea kuomba mvua, naye ama aliiomba mwenyewe ama aliwatumia waombaji mvua. Watu walimheshimu na kumwogopa kwa kipimo kilekile. Wazee walibaki na sheria, orkoiyot akabaki na maono. Kila upande ulijua mpaka wake.

Muungano huo ulileta nguvu ya kutisha. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Wanandi walivamia nchi za jirani kila upande, na misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka pwani ilijifunza kwa gharama kubwa kuizunguka nchi yao.

Ulikuwa pia na hatari yake, na Kimnyole arap Turukat aliilipia kwa maisha. Huyu ndiye orkoiyot ambaye utabiri wake bado husimuliwa: kwamba wageni weupe watakuja, na nyoka mwenye kutema moto na moshi atatambaa kutoka bahari ya mashariki hadi ziwa la magharibi. Karibu na mwaka wa 1890 mambo yalienda vibaya. Maradhi yaliua ng'ombe, njaa ikaingia, na vita alivyoviruhusu vikaishia kwa vifo vya vijana wengi. Watu wakasema kwamba yule aliyepewa uwezo wa kuzuia mabaya ndiye aliyeyaleta. Wakampiga kwa rungu mpaka akafa. Mtu anayebeba mambo mawili hulaumiwa kwa yote mawili.

Baada yake palikuwa na ugomvi wa urithi kati ya wanawe. Kipchomber arap Koilegei alishindwa akaenda kwa Wakipsigis, na huko akawa orkoiyot wao. Aliyebaki Nandi alikuwa Koitalel arap Samoei.

Koitalel alirithi wadhifa wakati nyoka wa baba yake alipokuwa anakaribia kweli. Kuanzia mwaka wa 1895 Waingereza walituma jeshi baada ya jeshi katika nchi ya Nandi: 1895, 1897, 1900, 1903. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na Wanandi waliendelea kuchukua nyaya za simu na vyuma vya reli, nyaya zikawa mapambo na vyuma vikawa silaha. Miaka kumi ni muda mrefu kwa watu wenye mikuki na ngao mbele ya bunduki za Maxim. Waliweza kwa sababu ya kile kilichoungwa miaka 50 nyuma, kwani pororiet zilipigana zikiwa na neno moja. Waingereza walielewa hilo, na ndiyo maana walimtafuta mtu mmoja.

Tarehe 19 Oktoba 1905, kapteni Richard Meinertzhagen alikutana na Koitalel mahali palipopangwa kwa mazungumzo ya amani. Akampiga risasi, na wenzake Koitalel wakauawa papo hapo. Wanandi husimulia kwamba kichwa cha kiongozi wao kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Meinertzhagen alidai alitangulia tu kujikinga na shambulio. Mabaraza ya kijeshi yalimwondolea hatia, kisha mwaka wa 1906 akaondolewa Kenya. Jeshi kubwa liliingia mara tu baada ya mauaji hayo, likachoma nyumba na kunyang'anya mifugo kwa maelfu, na Wanandi wakasukumwa kwenye hifadhi. Rungu za uongozi ambazo Meinertzhagen alizichukua zilikaa kwa familia yake hadi mwaka wa 2006, mwanawe alipozirudisha. Sasa zimehifadhiwa Nandi Hills, penye jumba la makumbusho la Koitalel.

Mwanawe Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka wa 1923. Wanandi walikuwa wanajiandaa kwa saget ab eito, sherehe ya rika moja kukabidhi nchi kwa rika jingine, na serikali ilihofia kwamba hasira ya kupoteza ardhi, ushuru wa nyumba na karantini ya ng'ombe ingegeuka uasi siku ile wote wakiwa pamoja. Sherehe ikapigwa marufuku. Barsirian alishikiliwa hadi mwaka wa 1964, baada ya uhuru. Zaidi ya miaka 40. Sijui mfungwa mwingine wa siasa wa Kenya aliyekaa muda kama huo.

Reli ya uwandani ilifika Eldoret mwaka wa 1924, ikaendelea Turbo kuelekea Uganda. Yaani nyoka wa Kimnyole alipita karibu na Chepsaita wakati mjukuu wake yuko kizuizini.

Sasa turudi Marekani, na hapa nitaenda haraka. Mwaka wa 1996 Marvel na DC, washindani wa miongo mingi, walishirikiana. Biashara ya katuni ilikuwa inaporomoka. Kabla ya mwaka kwisha Marvel iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi. Kampuni hizo zilitoa mfululizo wa vitabu vinne ambamo mashujaa wa upande mmoja walipambana na wa upande wa pili. Mapambano 11, na matano kati yake yaliamuliwa kwa kura za wasomaji. Superman alimshinda Hulk. Batman alimshinda Captain America. Na Ororo wa Kenya, aliyeanza maisha kama ukurasa usiotumika wa daftari, alimshinda Wonder Woman, ambaye alikuwa mashuhuri tangu mwaka wa 1941. Nafurahi kila nikikumbuka.

Kisha, kati ya kitabu cha tatu na cha nne, ulimwengu wa Marvel na wa DC ukayeyushwa ukawa mmoja, ulioitwa Amalgam. Vitabu 12 vilitoka kwa mpigo, vingine 12 mwaka wa 1997. Batman na Wolverine wakawa mtu mmoja, Dark Claw, jina lake la nyumbani Logan Wayne. Superman na Captain America wakawa Super Soldier: Clark Kent wa kawaida aliyedungwa dawa iliyotokana na seli za mtoto mgeni kutoka anga za juu, aliyekutwa amekufa. Huo ni uungaji wa akili sana, kwa sababu dawa ya mmoja inatoka kwenye mwili wa mwenzake, na ukiondoa upande wowote hadithi inakufa.

Ororo aliungwa na yuleyule aliyemshinda. John Byrne aliandika na kuchora kitabu chao, Amazon. Humo Ororo ni mtoto aliyeokolewa baharini akalelewa na Hippolyta, malkia wa Waamazoni. Amebaki na radi, upepo na nywele zake nyeupe, akaongezewa bangili na kamba ya Wonder Woman. Nyumbani kwake ni kisiwa cha Themyscira. Cairo imeondoka, na kijiji cha Kenya kimeondoka. Walipohitaji nafasi ya kumpa upande wa pili, cha kukata kilikuwa Kenya, na kilikatika bila damu kwa sababu hakikuwahi kushonwa vizuri.

Simlaumu Byrne. Alifanya kazi na alichokikuta. Lawama, kama ipo, ni ya mwaka wa 1975, wakati nchi nzima ilipotumiwa kama rangi ya nyuma. Mhusika aliyepewa bara bila ukoo anaweza kuhamishwa kisiwa chochote. Orkoiyot alipitia kinyume chake. Alipoungwa na Wanandi, asili yake ya Kimaasai haikufichwa. Ukoo ukabaki Talai, simba akabaki simba, na miaka 50 baadaye Hollis alipouliza, aliambiwa bayana kwamba nyumba hii ilitoka kwa Wamaasai. Wanandi walijua kwamba nguvu ya mtu huyu iko kwenye ugeni wake, na uhalali wake uko kwenye mabaraza yao. Walitunza vyote viwili. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kumwunga shujaa yeyote, wa karatasi au wa historia: je, baada ya kuungwa, bado unaweza kuonyesha kila upande ulikotoka?

Amalgam ilikwisha mwaka wa 1997. Vitabu vyake vilibaki bila kuchapishwa upya kwa miaka mingi kwa sababu ni mali ya kampuni mbili zinazoshindana, mpaka mwaka wa 2024 vilipokusanywa katika toleo moja kubwa. Ororo wa kawaida anaendelea. Mwaka wa 2006 aliozwa mfalme wa Wakanda, akaunganishwa tena na nchi isiyokuwepo kwenye ramani.

Kenya haikukosa wachoraji wakati haya yote yakitendeka. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo. Terry Hirst na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe mwaka wa 1973, na katika miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi ulichukua masimulizi ya jadi ukayatia kwenye picha. Frank Odoi, Mghana aliyefanya Nairobi kuwa kwao hadi alipofariki mwaka wa 2012, alimbuni Akokhan, shujaa mwenye nguvu za ajabu aliyetoka moja kwa moja kwenye miujiza ya masimulizi ya Kiafrika. Mikono ipo, na ilikuwepo.

Kwa hiyo neno langu ni kwa vijana wanaochora sasa Eldoret, Turbo na Kapsabet, wengi wao kwenye simu, wengi wakianza kwa kunakili Wolverine na Batman kama ilivyo kawaida ya kujifunza. Mchoreni orkoiyot. Anzeni na familia ya oloiboni ikikimbia uwanda unaowaka, ikipokelewa na watu iliokuwa ikipigana nao jana. Nendeni Nandi Hills mkaone rungu zenyewe kabla ya kuzichora. Na msichore bila kuwauliza wazee wa Talai, kwa sababu ukoo huo upo, una majina na makaburi, na mwaka wa 2022 Watalai na Wakipsigis waliipeleka Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kwa ajili ya ardhi waliyonyang'anywa. Ororo hana mtu wa kumdai mchoraji wake. Koitalel anao.